Fulana za Msamaha

Uso wa Meshack ulishuka mpaka tumboni Jumapili ya Mitende, mbele ya usharika mzima, na tangu siku ile Hanna hakuwa na raha.

Meshack ndiye mwalimu wa kwaya. Alikuwa ameagiza fulana nyeupe yenye picha yake mwenyewe kifuani, mikono imeinuliwa kama anayetaka kupaa. Wakati ule, kule Tengeru, mtu akitaka picha ya rangi alikwenda kwa Mama Skolastika, kwenye duka lake la vifaa vya ofisini, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na printa. Hanna, msichana wa dukani, alikata kitambaa cheupe, akakibandika juu ya karatasi ngumu, akakipitisha kwenye printa, na kikatoka Meshack mzuri kuliko Meshack mwenyewe. Fundi cherehani akakishonea kwenye fulana, kazi ikaisha.

Kisha masika ikafanya yake. Maandamano ya matawi hayajafika mlangoni mwa kanisa, manyunyu yakaanza. Wino wa printa ile ulikuwa wa maji, na maji yakiita maji huitika. Nyusi zilitangulia kushuka, macho yakafuata, pua ikaja nyuma taratibu kama mtu aliyebeba mzigo. Meno tu ndiyo yaliyobaki mahali pake, kwa kuwa ni meupe na hayakuwa na wino wa kushuka nao. Kufika ubeti wa tatu, Meshack alikuwa anaongoza kwaya huku kifuani kwake kuna meno peke yake, yanacheka. Sauti ya tatu nao wakacheka, wimbo ukafia hapo.

Jumatatu asubuhi Mama Skolastika alimngoja Hanna mlangoni, mikono kiunoni.

"Hanna mwanangu, hii mashine niliinunua itulishe. Haikuja hapa kuteremsha watu nyuso."

Mama Skolastika alikuwa Mchaga wa Kibosho. Miaka mingi alikuwa mpiga chapa kwenye shirika la umma pale mjini Arusha, mpaka shirika lilipouzwa na wenye shirika wapya wakasema hawahitaji wapiga chapa, wana kompyuta. "Na mimi nitakuwa nayo," alijibu, akaja kufungua duka. Alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa na mwendo wa haraka.

"Kuna bwana mmoja Kikatiti anaitaka printa," akaendelea. "Nikimpa, pale ilipokaa naweka jokofu la soda. Soda haina uso, haiwezi kushuka. Na jokofu, mwanangu, halihitaji msichana wa kulikalia."

Hanna alikitazama kiti chake mbele ya kompyuta. Alikuwa amemaliza darasa la saba tu, jina lake halikutoka kwenye orodha ya waliochaguliwa, na nyumbani kwao huko juu kwenye mteremko wa Meru kahawa ilikuwa imeshuka bei mpaka baba yake akaanza kung'oa mibuni apande nyanya. Alikuja dukani kufagia. Kompyuta alijifunza akiwa amesimama na ufagio mkononi, akichungulia juu ya bega la Mama Skolastika, mwaka mzima, bila kuuliza swali. Ndivyo alivyo. Anaweza kukitazama kitu mpaka kitu chenyewe kikachoka na kusema siri yake. Kile kiti alikipata kwa macho, na sasa kilikuwa kinaondoka kwa ajili ya soda.

"Mama, nipe mpaka harusi ya Anjela," akasema.

"Harusi ya Anjela ina nini?"

Kabla hajajibu kwamba harusi huleta oda, mlango ukafunikwa na kofia. Chini ya kofia alikuwepo Mzee Elinaza, babu yake Anjela.

"Hodi humu. Nimesikia mnatengeneza fulana za kuchekesha."

"Shikamoo Babu," alisema Hanna.

"Marahaba mjukuu. Mimi nataka za kutochekesha. Thelathini."

Akatoa mfukoni nakala ya picha iliyoko ukutani kwake, imefungwa ndani ya leso. Habari ya picha ile kila mtu aliijua. Miaka kumi na mmoja nyuma, Mzee Abdiel, jirani wa mpaka mmoja na Mzee Elinaza, alipeleka jogoo wake kanisani kama sadaka ya mavuno. Kawaida sadaka hizo hupigwa mnada nje baada ya ibada, na kawaida nyingine, isiyoandikwa popote, ni kwamba mtu akitoa kitu anachokipenda, watu humwachia akinunue mwenyewe arudi nacho nyumbani. Bwana anapata sadaka, mtu anapata jogoo wake. Mzee Elinaza siku ile, sijui alipandwa na nini, akapanda dau. Mzee Abdiel akapanda. Mzee Elinaza akapanda tena. Akamchukua jogoo, na kwa kuwa hakuwa na kazi naye nyingine, akamla.

Miaka kumi na mmoja hawakusalimiana. Mzee Abdiel alisema tangu siku ile hajawahi kuamka kwa wakati.

Halafu Anjela wa Elinaza akapendana na Bariki wa Abdiel, kama watoto wanavyojua kuwatia wazee kwenye majaribu. Krismasi iliyopita, Mzee Elinaza akachuma isale, lile jani refu linalopandwa mipakani, jani la kuombea msamaha, ambalo ukiletewa huwezi kulikataa. Akampelekea Mzee Abdiel mbele ya koo zote mbili. Mpiga picha akabonyeza. Kwenye picha Mzee Elinaza ananyoosha isale kwa mkono wake wa kulia, Mzee Abdiel analipokea kwa wake, na nyuma yao Mlima Meru umekaa kama shahidi wa tatu.

"Nataka picha hii kifuani kwa kila mtu wa koo mbili," alisema Mzee Elinaza. "Siku ya harusi pasiwepo wa kusema sikuona."

"Tuandike na maneno chini, Babu?"

"Maneno ya nini? Wananijua. Ila, mjukuu, isale likichuruzika kama nyusi za Meshack, Abdiel atasema msamaha wangu ni wa maji. Unamfahamu Abdiel. Anatafuta upenyo."

Mama Skolastika alimkonyeza Hanna. Mzee alipoondoka akasema, "Sawa. Mpaka harusi ya Anjela. Zikishuka hizo, jokofu linapanda."

Zilibaki wiki tatu.

Wiki ya kwanza Hanna aliharibu vitambaa tu. Alijaribu kupiga pasi ya moto mkali. Kitambaa kikaungua, wino ukabaki mzima wa afya. Alijaribu ute wa yai. Picha ikashika vizuri mpaka nzi wakaipenda kuliko wateja. Kwa majaribio alitumia picha ya mkungu wa ndizi, iliyokuwa ndani ya kompyuta tangu walipomtengenezea mtu tangazo. Mama Skolastika akawa akiingia anakuta ndizi za bluu, ndizi zilizovimba, ndizi zenye ndevu.

"Hizi nazo ni za kupika au za kuiva?" aliuliza siku moja.

"Bado hazijasema, Mama."

Siri ilijitoa yenyewe Jumanne. Asubuhi Hanna alikunywa uji wa muhogo kwa bibi yake, ukamwagikia aproni, akaja kazini hivyo hivyo na baka lililokauka kama gamba. Siku hiyo, kwa kuharakishwa na mteja, akatia kwenye printa karatasi isiyo yenyewe: ile ya mgongo wa stika, ya kuteleza, ambayo ukishabandua stika unaitupa. Printa ikachapa ndizi juu yake. Wino haukuingia. Ulisimama juu kwa vidonge vidonge, kama umande juu ya jani la gimbi. Hanna akaishika ili akaitupe, karatasi ikamgusa tumboni.

Alipoangalia aproni, pale palipokuwa patupu wino ulisambaa kama umbea. Pale penye uji, zilikaa ndizi tatu, safi, na kingo zake.

Hanna alivuta kiti. Alikaa akazitazama zile ndizi tatu mpaka mteja akaondoka zake bila kuhudumiwa.

Akawaza hivi. Karatasi ile ya kuteleza ni kama nyumba ya mchoyo: mgeni anafika, hapewi kiti, anabaki mlangoni. Uji ni nyumba ya watu wema: mgeni akigusa tu mlango, anakalishwa. Kwa hiyo wino usipelekwe kwenye nguo moja kwa moja. Upitishwe kwanza kwa mchoyo, ndipo ukandamizwe kwa mkarimu, utahamia wenyewe bila kusukumana.

Alimfuata bibi yake, ambaye huko nyumbani wote wanamwita Koko.

"Koko, nifundishe uji wa stachi, ule uliokuwa unatilia nguo za Babu za kanisani."

"Unataka kuolewa?"

"Nataka kubaki na kiti."

"Hicho nacho ni kitu," alisema Koko, akatafuta chujio.

Uji mwepesi, uliochujwa mara mbili, ukapakwa kwenye kitambaa kwa brashi, ukakauka, ukapigwa pasi ya mkaa mpaka ukalainika. Picha zikahamia juu yake zikakaa kama zimezaliwa pale. Tatizo likawa moja: maji yakija, uji unaondoka, na mgeni anaondoka na mwenye nyumba.

Hilo nalo Hanna alilipata kwa kutazama. Nyumbani kwao maji ni ya mfereji, na masika yanakuja mekundu kama chai. Mama yake huzungusha kipande cha shabu ndani ya ndoo, na baada ya muda tope lote linashikana linakaa chini. Hanna alikuwa ameliona jambo hilo tangu utotoni, ila siku hiyo alichuchumaa mbele ya ndoo kama anayeliona leo. Shabu inakamata uchafu ndani ya maji. Na wino ni nini? Wino ni uchafu wenye adabu. Akasaga shabu, akaitia kidogo kwenye uji.

Kitambaa cha kumi na saba alikitundika, kikakauka, akakiloweka, akakikamua, akakipigiza mara mbili juu ya jiwe. Ndizi zilibaki kwenye mkungu. Akakipeleka kwa Mama Skolastika kikiwa kinadondoka maji.

Mama Skolastika alikigeuza huku na huku. "Ndizi hizi zimeiva," alisema, na kwake hayo yalikuwa maneno mengi.

"Na wino umekaa juu tu, Mama. Haukupenya hata chembe. Ona kwa ndani, peupe kabisa." Hanna aliringa kidogo hapo. Ni mara yake ya kwanza, tumsamehe.

Fulana thelathini zilipakwa, zikapigwa pasi, zikagandamizwa picha moja moja. Jumatano, siku ya soko, siku tatu kabla ya harusi, zilikuwa zimepangwa mezani zikiwa zimekunjwa. Mzee Elinaza alikuja, na nyuma yake, akikanyaga polepole kama mtu anayekagua barabara, akaja Mzee Abdiel.

"Nimemleta mwenyewe aone," alisema Mzee Elinaza. Akavaa fulana moja juu ya shati, akatoka kibarazani ili mwanga umwone vizuri. Akachukua jagi la maji ya kunawa, akajimwagia kifuani.

Wachuuzi waliacha mizani. Meshack, aliyekuwa ananunua vitunguu, alisogea kuliko wote, akiinama kuzitazama nyusi. Maji yakateremka, yakaingia kwenye suruali ya mzee, yakafika viatuni. Nyusi hazikutikisika. Isale lilikuwa kijani vile vile. Hata Mama Skolastika alipiga makofi mawili.

Mzee Abdiel hakupiga. Alisogea, akainamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto.

"Elinaza. Hebu nyoosha mkono wako wa kulia."

Mzee Elinaza akanyoosha.

"Sasa niangalizie hapo kifuani kwako. Isale umelishika kwa mkono gani?"

Kibaraza kizima kikahesabu mikono. Hanna alinyoosha mkono wake wa kulia, akaulinganisha na ule wa kwenye fulana. Picha inayogandamizwa hugeuka, kama uso kwenye kioo. Kilichokuwa kulia huja kushoto. Alipaswa kuigeuza kwanza ndani ya kompyuta. Lakini siku zote hizo alijaribu kwa mkungu wa ndizi, na ndizi hazina kulia wala kushoto.

"Wa kushoto," alisema Mzee Abdiel, akijijibu. "Kumbe ulinipa isale kwa mkono wa kushoto. Kama unamtupia mbwa mfupa."

"Nilikupa kwa kulia. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, nilikuwa naliangalia jani. Sikuangalia mkono."

"Abdiel, hata saa yangu imehamia mkono mwingine hapa. Unafikiri na saa niliihamisha?"

"Mtu aliyeweza kumla jogoo wa mwenzake atashindwa kuhamisha saa?"

Namelok, mama wa Kimaasai aliyekuwa anauza maziwa chini ya ngazi, naye akainua macho. "Na huo mlima ni upi? Meru imebomoka upande huu. Huo umebomoka upande ule."

"Hivyo unaonekana ukiwa Kenya," mtu akasema.

"Basi msamaha niliombwa Kenya," alisema Mzee Abdiel. "Hapa nyumbani bado nadai jogoo. Na harusi tutaizungumza upya."

"Zivaeni ndani nje," alishauri Meshack, ambaye siku hizi alikuwa na uzoefu. Mzee Elinaza akavua haraka, akaigeuza fulana, akaivaa tena. Peupe. Peupe kama maziwa ya Namelok, kwa sababu ya ule uji mzuri usiopitisha wino hata chembe. Hapo ndipo Hanna alipojuta kwa kufanya kazi vizuri.

Akamtazama Mama Skolastika. Mama Skolastika hakumtazama yeye. Alikuwa ameingia ndani na kusimama mbele ya printa, anapima upana wa meza kwa shubiri.

Wengine wote walikuwa wanasema kwa wakati mmoja. Hanna aliwatazama wazee wale wawili, mmoja mwenye fulana tupu na mwingine mwenye kinyongo kilichorudi kama mtoto aliyesahau kofia. Akamtazama Namelok akimpa mteja maziwa: kibuyu mkono huu, mfuniko mkono ule. Mteja alikuwa mzee wa rika la baba yake, basi Namelok akaweka mfuniko chini, akampa kibuyu kwa mikono yote miwili.

"Babu Abdiel," alisema Hanna, "naomba kuuliza."

"Uliza, mjukuu. Wewe ndiye uliyetugeuza."

"Mtu akikuheshimu, anakupa kitu kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Hata mtoto anajua."

"Na akikuheshimu sana?"

Mzee Abdiel alijibu taratibu. "Kwa yote miwili."

"Picha iliyoko ukutani kwa Babu Elinaza, ametoa kwa kulia. Kwenye fulana, ametoa kwa kushoto. Isale ni lile lile, siku ni ile ile."

Mzee Abdiel alihesabu vidole vyake, ingawa havikuwa na uhusiano wowote na jambo hilo.

"Kwa hiyo amenipa kwa mikono miwili."

"Ndiyo, Babu."

"Elinaza, ulikusudia hivyo?"

Sasa Mzee Elinaza, ukimwacha na dhambi ile ya jogoo, hakuwa mjinga. "Wewe ulidhani mtu anatengeneza fulana thelathini kwa ajili ya mkono mmoja?"

"Na mimi nilipokea kwa mingapi?"

"Miwili pia, Babu," alisema Hanna. "Mko sawa."

Mzee Abdiel akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyeonewa kwa haki. "Basi sikilizeni. Fulana peke yake ni nusu. Hiyo picha ya ukutani ije harusini. Ibebwe pembeni ya Elinaza popote atakapokwenda, watu waone mikono yote. Nikimwona na mmoja tu, nauliza habari za jogoo." Akachukua fulana ya juu kabisa kwenye fungu, akaipima mabegani. "Hamna kubwa kidogo?"

Ndani, shubiri ya Mama Skolastika ilikuwa imesimama hewani. Akaishusha mezani, akajifanya anafuta vumbi.

Harusi ilinyeshewa, kama ilivyotakiwa. Watu thelathini walilowa, na masale thelathini yakabaki kijani. Mzee Elinaza alizunguka kutwa nzima na mpwa wake pembeni, aliyebeba fremu ya picha kifuani, hata alipokwenda msalani, kwa kuwa Mzee Abdiel alikuwa anatazama. Meshack aliongoza kwaya akiwa na shati la kawaida, mnyonge kidogo, na baada ya wimbo akamjia Hanna kuuliza kama uji ule unaweza kurudishia mtu uso.

Jokofu lilikuja baadaye, ila lilikaa nje kibarazani, na Mama Skolastika ndiye aliyelikalia. Ndani kiti kilibaki na mwenyewe. Juu ya kompyuta Hanna alibandika karatasi aliyochora kiganja cha mkono wa kulia, na hakuna picha iliyopita hapo kabla haijapimwa na kiganja kile.

Wiki moja baada ya harusi, kofia nyingine ikafunika mlango. Mzee Abdiel aliingia na fulana mpya begani, na chini ya kwapa lake la kulia jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye macho ya dharau.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Nataka picha ya huyu kifuani. Ni uzao wa yule." Akatazama nyuma, barabarani, akasogea karibu, akashusha sauti. "Na huyu, mjukuu, umgeuze makusudi. Elinaza asimtambue."